Agata Maeng na Mtungi Mmoja wa Maji

Agata Maeng alizaliwa mwaka 1871 katika kijiji cha wafinyanzi cha Neungol, milimani mwa Chungcheong, nchini Korea, ambako wazazi wake walikimbilia na imani yao ya Kikatoliki baada ya ndugu zao kuuawa kwa ajili yake. Tangu utotoni moyo wake haukutulia. Juma moja aliimba akikanda udongo. Juma lililofuata alilala akiugeukia ukuta, hali wala hasemi. Majirani walimtania: "Haya, Agata, leo kwenu jua au mvua?"

Mwaka 1895 kipindupindu kilipoingia kijijini, Agata, wakati huo ameolewa, alikuwa katika siku zake za furaha. Alimshika mkono mjane Ko Sun-rye, aliyekuwa mgonjwa, akamwambia mbele ya watu, "Dada, mimi nipo. Sikuachi hata kidogo." Akamuuguza siku mbili. Siku ya tatu giza likamshukia, akajifunika gubigubi. Mama mkwe wake akasimama mlangoni: "Wewe Agata! Mwenzio analilia maji!" Alimsikia. Hakuweza kuinuka. Sun-rye akafa peke yake, na kiu yake.

Agata alikwenda kuungama, akimsihi Padre Paulo Tak amwombee aondolewe moyo ule. Padre akamwambia, "Mwanangu, huenda Mungu asikuondolee. Basi ukifurahi, usiahidi makubwa. Ukizimika, fanya jambo moja dogo, halafu ulale."

Kwa miaka thelathini na mmoja, kila asubuhi, Agata aliwapelekea wagonjwa mtungi mmoja wa maji. Siku za furaha, ingawa angeweza kubeba mitano, alibeba huohuo mmoja. Siku za giza alifika akiburuta miguu, akasema, "Usinisemeshe, mama. Pokea tu." Watu walimwona ana kiburi, naye hakujitetea. Kifo cha Sun-rye hakikumtoka moyoni kamwe.

Alifariki Februari 1926, katikati ya giza lililoanza tangu vuli. Mke wa mwanawe alimuuliza, "Mama, unamwona Bwana?" Akajibu, "Simwoni. Lakini bado namsemesha."

Baada ya maziko, mfinyanzi mmoja aliyekuwa hajatamka neno tangu azike watoto wake alipiga magoti kaburini pa Agata mpaka adhuhuri. Kisha akasema, "Nina njaa." Waumini wanalikumbuka hilo kama muujiza wake wa kwanza. Nasi tunaoamka bila kuitamani asubuhi, tumwige: tusingoje moyo upone ndipo tumhudumie aliye na kiu.