Namba ya Mtu Wako

Wewe ukipotelea njiani, nani atapigiwa simu? Swali hilo la madereva, fundi wa pancha wa mtaa wa Huruma, ambaye alikuwa hajawahi kuvuka Kitale, alilijibu kwa maswali yake. Kwa miezi mitatu aliwauliza madereva wa malori ya Lodwar kuhusu maji, majambazi na baridi ya juu ya magunia, huku akisugua kiraka kilichokwisha kushika. Begi lake lilikaa chini ya benchi, limefungwa. Jioni moja dereva Guled akakubali kumbeba bure hadi Lodwar. "Lakini Mzee, kwangu hapandi mtu bila namba ya mtu wake." Fundi akataja namba upesi, macho kwenye tairi. Asubuhi iliyofuata Guled, akiwa usukani, aliipiga kuhakikisha. Juu ya magunia, simu ikalia kifuani mwa fundi. Akageuka kando, akaipokea: "Ndiyo, namjua. Mwache aende."