Ndimu Nilizozikamulia Lulu za Mke Mwenzangu

Nimekosa mimi, wala simsingizii shetani. Akili zangu zilikuwa timamu na mikono ni hii hii. Nisikilizeni kwanza, halafu mnitukane mkitaka.

Mimi ni mwanamke wa Bagamoyo, mtaa wa Dunda. Marehemu baba alikuwa sonara, na kwa kuwa hakujaliwa mtoto wa kiume, kazi ya lulu alinifundisha mimi. Miaka hiyo ya sitini mwishoni, bibi harusi wa mji huu akitaka kidani cha lulu, lazima kipite mkononi mwangu.

Lulu nazijua, jamani! Iko ya kioo, ile ya dukani, zote saizi moja. Ukiisugua kwenye jino inateleza. Iko ya chaza wa kwetu, ndogo, mara nyingi ina nundu, hiyo tunaitia kwenye pete au hereni. Na iko ile waliyokuja nayo wazee wa Kiarabu kutoka Ghuba, ya mviringo, nyeupe yenye wekundu kwa mbali. Hiyo ukiisugua kwenye jino inakwaruza kama mchanga. Unaitoboa kwa keke, taratibu. Unazipanga kubwa katikati, ndogo pembeni, unazitunga kwa uzi wa hariri na kupiga fundo kila baada ya punje, ili uzi ukikatika isidondoke ila moja.

Na kinachoiua lulu nakijua pia. Ndimu.

Basi mume wangu akaongeza mke. Hakuniambia yeye, nilisikia sokoni kwa muuza samaki! Mwenyewe ni binti wa Mlingotini, tumwite Zuhura, ingawa silo jina lake. Nilikuwa nimempokea kwangu nimfundishe kushona kofia. Akala kwangu, akalala kwangu, kumbe macho yako kwa mume wangu! Nikaapa: huyu nitamwaibisha siku ya harusi yake, mbele ya wanawake wote.

Mama mkwe wangu akaja kutoka Pangani kwa ajili ya harusi hiyo, akafikia Mlingotini, kwa kina bibi harusi. Hilo nalo likanichoma. Akanitumia mtu: "Mwambieni mwanangu aje tuonane, nina neno naye." Nikajibu, "Mwambieni naumwa." Shikamoo akaitafute kwa mkwe wake mpya!

Haukupita muda, somo yake Zuhura, yule mama wa kumfunda, akapiga hodi. Mkononi ana leso imefungwa fundo.

"Uzi umeoza, dada. Tumeambiwa tulete kwako, hakuna mkono kama wako. Ni za bibi harusi, avae ukumbini."

Nikafungua leso. Yarabi! Lulu za Ghuba, za zamani, kubwa kubwa. Nikaisugua moja kwenye jino, ikakwaruza. Mimi mume wangu hajawahi kuniletea hata ya kioo! Sikuuliza zimetoka wapi. Hasira zilinijaa mpaka kooni.

Somo alipotoka tu, nikakamua ndimu bakuli zima, nikazitumbukiza. Zikatoa vipovu. Nikakaa pembeni nazitazama, nacheka peke yangu. "Kufeni," nikaziambia. Nilipozitoa zimefifia, hazina nuru. Nikazitunga vizuri, mafundo yote, kisha nikazipaka mafuta ya nazi. Zikang'aa. Uongo mtupu!

Siku ya ukumbi nilivaa kanga mpya nikakaa mbele kabisa, binti yangu Salma ubavuni. Bibi harusi akatolewa. Joto, jasho, udi, marashi! Mafuta yakafutika, lulu zikawa rangi ya chokaa, zikaanza kumwachia unga mweupe shingoni. Mmoja akaguna. Mwingine akapasua kicheko: "He! Bibi harusi kavishwa chaki!"

Zuhura akainama, machozi na wanja vikamchuruzika. Wallahi, sijapata kuona raha kama ile! Ilinifika mpaka kwenye kucha.

Ndipo mama mkwe akainuka. Akazishika zile lulu, akazipekecha kwa vidole, akanitazama.

"Mwanangu, lulu za Salma umezifanya nini?"

"Za Salma?"

"Za marehemu mama yangu, nilizomwekea mjukuu wangu. Huyu nimemwazima tu, mpaka fungate iishe. Nilikuita nikwambie, ukasema unaumwa."

Kwetu bibi harusi huazimwa hereni, huazimwa bangili, huazimwa hata kanga. Nimekua nikiyaona hayo. Mtoto wa sonara mzima nisiulize! Chuki ilinipofua, mwenzenu.

Salma akanigeukia. "Mama, ni wewe?"

Nikavuta kanga nikajifunika uso. Akainuka akaenda kukaa kwa bibi yake. Wakafuatana Pangani, na kwangu hakulala tena.

Salma alipoolewa, nilikaa nyuma na majirani. Shingoni ana mkufu wa dhahabu wa kuazima. Aliyemwazima, akamfunga kwa mkono wake mwenyewe, ni Zuhura. Akapita mbele yangu akaniamkia kwa adabu, "Shikamoo, dada." Afadhali angenitemea mate!

Nyie mnaopika kisasi kimya kimya, nawaambia: mtu akikuudhi, mfuate mlangoni kwake, mtukane mpaka koo likukauke, urudi zako ukalale. Kitu chake usikiguse! Hujui ni cha nani.

Zuhura bado simpendi, siwadanganyi. Nikimwona damu inanichemka vile vile. Ila mwanangu humwita mama mdogo, na mimi akinitaja, husema "yule wa Bagamoyo".