Miraba Niliyoijaza Spea

Watu wananiita Beringi, na si kwa sababu naziuza. Aibu hii nilijitafutia mwenyewe, kwa kidole changu na simu yangu, kwa hiyo chekeni tu, nimeshazoea.

Nauza spea za magari hapa Mbale, Uganda, mtaa wa Industrial Division. Nimetoka Kenya, na ugonjwa wangu ni kujigamba kuwa Kiswahili ni chetu, hawa Waganda wanakiazima tu. Tuna kikundi cha simu cha watu wa chemshabongo. Kila Jumapili Mwalimu Nabirye, mama mstaafu wa Jinja aliyefundisha Kiswahili wakati watu bado wanakiogopa kama lugha ya bunduki, ya wanajeshi, anatutumia picha ya miraba aliyoichora kwa rula, na vidokezo vyake si vya kuulizana mji mkuu wa nchi fulani, ni mafumbo matupu, halafu majibu marefu yote yanafungwa na mada moja ambayo yeye haitaji. Ukimaliza, unapiga picha karatasi yako ukiwa hatua tatu nyuma, tuone imejaa lakini tusisome herufi, kisha unafunga mdomo mpaka siku ya kukutana. Hiyo ndiyo sheria.

Ile ya Jumapili hiyo ilikuwa ngumu ajabu. Mpaka Jumanne nilikuwa na majibu mawili tu, FUNGUO na USUKANI, na nilikuwa sikai wala sisimami, mteja anaulizia plagi mimi nampa gasketi. Ndipo Afande Okiror, askari wa magereza na mtani wangu mkubwa, akaandika kikundini: "Wafula, nyinyi watu ya Kenya naongea Kiswahili mingi, lakini kazi hakuna."

Ilinichoma. Nikachukua peni, nikajaza miraba yote iliyobaki kwa chochote nilichokiona rafuni, BERINGI, KLACHI, RADIETA (penye nafasi ndogo nikakata mkia), nikarudi hatua tatu, nikapiga picha, nikatuma. Nilitaka Afande anyamaze kidogo tu huku natafuta majibu ya kweli, nani angejua?

Kumbe nilikuwa wa kwanza kumaliza, tena wa pekee. Pongezi zikamiminika, na katikati yake Mwalimu akaniandikia pembeni, mimi peke yangu: "Wafula mwanangu, umesoma ujumbe wa ukingoni? Jibu lako ni ndiyo au hapana?"

Ujumbe gani tena? Nikaizunguka kaunta mara nne nikitafuna kucha. Nikiuliza, nimeumbuka. Nikajibu: "Ndiyo, Mwalimu. Ndiyo kabisa."

"Mungu akubariki," akaandika. "Jumamosi kila mtu aje kwangu Jinja."

Siku zilizobaki nilimfuata Afande, nikijifanya nataka tupige soga tu kuhusu fumbo, angalau nidokoe jibu moja, lakini akaziba masikio kwa mikono yote miwili: "Toka! Usiniharibie! Mimi nabakisha kidogo!" Nikampigia Hajati Zuhura, mwenzetu wa kikundi, muuza vitambaa, naye akakata simu. Ndani ya gari lake siku ya safari yeye na Afande walinikalisha nyuma, wakafungulia redio kwa nguvu, wakawa wananong'onezana mbele. "Na usikohoe," Hajati akaniambia, "ukikohoa tutajua jibu." Watu wote walikuwa wananikimbia kwa sababu ya kitu nisichokijua!

Sebuleni kwa Mwalimu tulikuta wenzetu wengine, chai na karanga, na juu ya meza sanduku limefunikwa kitambaa cheupe. Mwalimu alinipapasa bega kwanza, ndipo akanijua. Akanishika mkono akasema, "Waambie mada, mwanangu."

Nikasimama. Funguo, usukani. (Kwa muuza spea, hiyo ingekuwa nini?) "Mada ni gari," nikasema kwa sauti nzito, "na maisha ya dereva barabarani."

Hajati akakunja uso. "Na zamu imeingiaje? 'Mlinzi huiacha asubuhi ingawa hakuibeba,' si ni zamu? Na kijiti, cha wakimbiaji? Hicho nacho ni cha gari?"

Nikaanza kueleza kijiti na gia, mpaka Mwalimu akasema taratibu, "Afande, chukua karatasi yake utusomee."

Afande akaishika mbali na uso, akaisoma kwa sauti ileile anayowaitia wafungwa asubuhi. "Beringi! Klachi! Radiet!" Akasita. "Radiet? Wafula, hii ni duka yako!"

Nyumba ililipuka kwa kicheko. Nami nikacheka kidogo, kile kicheko cha mtu anayetafuta mlango, mpaka nikamwona Mwalimu. Yeye hakuwa anacheka.

"Kwa hiyo ukingoni hukusoma."

"Sikusoma, Mwalimu."

"Na ile 'ndiyo' yako?"

Kicheko kikafa. Afande akatoa karatasi yake, ya penseli, imefutwafutwa mpaka imetoboka, akasema mada ni vitu ambavyo mtu anamkabidhi mwingine, kisha akafuata herufi za miraba ya ukingoni kwa kidole, akiruka mapengo matatu aliyoyaacha. Alisoma polepole: MACHO YAMECHOKA, CHUKUA KALAMU.

Mwalimu akafunua sanduku. Kamusi zake, rula, daftari za vidokezo vya miaka yote. Alikuwa amelipanga tangu Jumanne, akiamini amepata mtu. Niliona aibu mpaka nikatamani kuingia chini ya meza, na hiyo ya kuchekwa ilikuwa ndogo, kubwa ilikuwa zile siku nne za furaha nilizompa mama wa watu bure.

"Afande, lichukue wewe."

"Mimi, Mwalimu? Na hii Kiswahili yangu ya kambi?"

"Kiswahili utajifunza," akasema. "Pale usipojua umeacha wazi. Nataka mtu wa hivyo."

Kurudi Mbale nililipakata mimi lile sanduku, adhabu niliyopewa na Hajati, na redio haikufunguliwa.

Niliapa siku hiyo: peni sigusi tena, na penye pengo nitaacha pengo hata kama Uganda nzima itanicheka. Chemshabongo ya kwanza ya Afande ilitoka Jumapili iliyofuata. Namba moja kwenda kulia: "Duka limejaa, kichwa kitupu. Herufi sita." Nilihesabu kwa vidole, mara mbili. Nikachukua penseli, nikaandika jina langu: WAFULA.