Miche Iliyoota Kichwani mwa Ninsiima

Pulkeria ni fundi cherehani. Alizaliwa Nkwenda, akaolewa huku kwetu Ihembe, na nyumba yake na yangu zinatenganishwa na migomba tu. Shule aliishia darasa la saba. Anashona barazani, mguu mmoja ukikanyaga cherehani na jicho moja likiwa kwenye simu. Nimemwona kwa macho yangu akikunja pindo la suruali bila kuitazama hata mara moja, na mshono ukatoka umenyooka kuliko barabara ya kwenda mpakani. Sawa, hapo nimeongeza kidogo.

Siku moja nikamwuliza, "Unamwandikia nani barua isiyokwisha?"

"Si barua, bibi. Ni kamusi elezo. Kitabu cha kila kitu, kiko mtandaoni, kinaandikwa na watu wa kujitolea kama mimi."

"Na mkubwa wenu nani?"

"Hatuna. Mmoja anaandika, mwingine anasahihisha. Wakigombana wanakwenda kwenye ukurasa wa majadiliano, wanaongea mpaka waelewane."

"Wasipoelewana?"

"Wanaongea tena."

Nikacheka. "Hicho ni kikao cha ukoo!"

"Ila kwetu mzee hashindi kwa mvi, bibi. Anashinda mwenye chanzo, anayeonyesha habari kaitoa wapi."

Alisema kwa utani, lakini neno lile lilinikaa kooni kama mwiba wa samaki. Mvi zangu zisishinde? Nikasema moyoni, subiri.

Alikuwa ameshaandika kurasa nyingi: aina za ndizi, kata za Karagwe, mpaka Nyakakika ambako hana hata shangazi. Ukurasa wa Ihembe ulikuwa na mistari minne tu. Basi akaja kwangu na daftari.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Kaa."

Nikampa kahawa za kutafuna, kama mgeni anavyopewa. Akauliza nani aliyeileta kahawa Ihembe.

Sasa, kwetu hadithi ina mlango wake. Msimuliaji anatangaza kwanza kwamba amekuja na ameona, wasikilizaji wanamwitikia aone nao waone. Ukisikia hivyo unajua hapa ni hadithi, uongo unaruhusiwa. Siku ile niliruka mlango makusudi. Nilianza kavukavu, kama mtu anayetoa ushahidi barazani kwa mtendaji wa kijiji.

Nikamwambia aliyeileta ni bibi yangu Ninsiima. Alivuka Mto Kagera na mbegu ndani ya misuko ya nywele. Walinzi wa kivuko, waliokataza mbegu zisitoke, wakampekua kikapu, wakampekua mdomo, nywele hawakugusa. Usiku akanyeshewa njiani, kulipokucha miche imeota kichwani, majani mawili mawili.

Pulkeria alicheka sana pale pa miche. Hakupaandika. Yaliyobaki aliyaandika yote.

"Nani mwingine anajua habari hii?"

"Muulize Byabato."

Byabato alikuwa mzee mwenzangu wa kule juu, mwenye ng'ombe. Hakuwahi kuisikia habari ile maishani mwake. Lakini sisi hatumkatizi mwenye hadithi, tunamsaidia kuibeba. Akamjibu, "Ninsiima! Nywele zile nimezishika kwa mkono huu."

Basi ikaingia kitabuni. Karibu mwaka mzima ilikaa humo. Mwalimu mmoja aliwasomea watoto, wakawa wakinipita njiani wananiita mjukuu wa Ninsiima. Sikuwasahihisha. Nilifurahi, kusema kweli, na furaha hiyo ndiyo inayonila mpaka leo.

Kisha wenzake wa mtandaoni wakampendekeza awe mkabidhi. Ndio wale wanaopewa ufunguo: kulinda kurasa, kufuta uchafu, kuwazuia waharibifu. Hakuna mshahara. Lakini Pulkeria, aliyekosa kila nafasi kwa kukosa cheti, kwa mara ya kwanza alikuwa anapigiwa kura na watu waliotazama kazi yake tu. Wiki ile aliimba hata akishona shuka.

Siku ya nne ya kura akaja mbio, futi ya kupimia ikining'inia shingoni.

"Bibi, kuna mwenzetu wa Mwanza, Rwegoshora, anauliza chanzo cha Ninsiima. Nimemwambia ni wazee wawili. Anataka sauti iliyorekodiwa." Akaiweka simu kwenye mkeka. "Sema polepole. Watasikiliza wote."

Pale ndipo nilipopaswa kusema kweli. Lakini aliposema "wote", utamu wa kusikilizwa ukanizidi. Nikasimulia upya, na safari hii miche ilikua, ikachanua, tukavuna kichwani mwa Ninsiima madebe matatu, na Byabato akishika ngazi.

Pulkeria akabonyeza, simu ikaacha kurekodi.

"Bibi. Siku ile ya kwanza, hukusema umekuja ukaona."

"Sikusema."

"Kwa nini?"

"Ulisema mvi hazishindi."

Hakunifokea. Afadhali angefoka. Aliketi pale pale kizingitini, akaifuta habari ya Ninsiima, kisha akanisomea alichowaandikia wenzake: "Nimekosea. Nilichukua hadithi nikaiweka kama habari. Naomba jina langu litolewe kwenye kura."

"Waambie ni mimi," nikasema. "Andika jina langu!"

"Aliyebonyeza ni mimi, bibi."

Yule Rwegoshora mwenyewe alimsihi abaki, kwamba anayekiri kosa ndiye wanayemtaka. Akakataa. Alisema hawezi kupewa ufunguo kabla hajazikagua upya kurasa zake zote, moja moja. Anazikagua mpaka leo. Na ameniambia kwamba humo kilichofutwa hakipotei. Kila badiliko linabaki kwenye historia ya ukurasa pamoja na jina la aliyeandika. Kwa hiyo uongo wangu upo, na pembeni yake limeandikwa jina la Pulkeria.

Juzi nilikwenda barazani kwake.

"Mwanangu, chini ya shamba la kanisa palikuwa na chemchemi, kabla haijakauka. Iliitwa Kanyabwera. Nilichota pale na mama yangu. Hii ni kweli."

Akautoa mguu kwenye cherehani.

"Nani mwingine anajua, bibi?"

Byabato tulimzika mwezi wa tatu. Nikataja majina mengine manne, na kila nililotaja, nilikumbuka kaburi lake liko upande gani. Pulkeria aliyasikiliza yote, taratibu, kwa adabu. Kisha akaurudisha mguu kwenye cherehani, daftari hajaligusa.