Mchumba Wangu Alipata Kazi kwa Kumfanya Mama Yangu Kuwa Wake

Admin, usiweke jina langu wala picha, maana huyu mtu husoma hii page na hupenda kuwashauri wenzake kwenye comments kuhusu uaminifu. Mimi ni msichana wa miaka ishirini na sita. Nimezaliwa Dundori, siku hizi nimepanga chumba Bondeni, hapa Nakuru. Nilisomea kompyuta, na tangu nimalize chuo natafuta kazi ya kuunda programu huku nikiishi kwa vibarua vya kutengenezea watu tovuti. Nimechumbiwa na kijana tuliyesoma pamoja, nitamwita Brayo. Pete yake bado ninayo, lakini siivai tena.

Kwa sababu najua vile kutafuta kazi kunaumiza, mimi na wenzangu wawili tuliunda programu ya kuwasaidia madeveloper wanaoanza. Unajaza maelezo yako, inakutengenezea ukurasa mzuri wa kuonyesha waajiri kazi zako, halafu inakukumbusha umeomba kazi wapi na nani hajakujibu. Tuliifanya iwe huria, yaani mtu yeyote anaichukua bure na kuibadilisha atakavyo. Programu kama hizi huja na ukurasa wa mfano, ili anayeanza aone vile maelezo hujazwa, kisha anaufuta na kuandika yake. Wenzangu walitaka tuweke maneno ya kujazia tu. Mimi nikakataa, nikaweka habari zangu mwenyewe: vile baba alituacha, vile mama aliuza viazi kando ya barabara mvua ikimnyeshea, na vile aliuza ng'ombe wake wa maziwa ili mimi nipate laptop. Nilimwomba ruhusa kwanza. Alicheka, akasema niandike, labda itamsaidia mtoto wa mtu.

Kampuni moja hapa mjini ikatangaza nafasi. Nikamwambia Brayo, akakunja pua. "Hiyo si level yangu, babe. Apply wewe." Nikaomba, nikaitwa. Nilipoanza kueleza mahali nimetoka, yule mama aliyekuwa akituhoji aliweka kalamu chini.

"Dada, hii story tumeisikia asubuhi," akasema. "Mama wa viazi, ng'ombe, laptop. Kijana aliyeieleza alitutoa machozi. Wewe umecopy hata haujaona aibu?"

Akanigeuzia laptop yake. Nikaona picha ya Brayo, na shati ni lile nililompigia pasi mwenyewe. Chini yake maneno yangu yote ya ule ukurasa wa mfano, hakugusa kitu. Pale nilipoandika msichana alikuwa ameweka mvulana, basi. Nilijaribu kusema hayo maneno ni yangu, akafunga laptop. Nilitoka hapo nikiitwa mwizi wa mama yangu mwenyewe.

Sasa nisikilizeni vizuri. Mamake Brayo ni mwalimu, yuko hai na ana afya. Babake ana duka la vifaa vya ujenzi. Huyu ni mtu ambaye nilipompeleka nyumbani mara ya kwanza alimwagia mbwa mukimo, vile viazi vya kuponda alivyopikiwa, mama alipogeuka, akaniambia unanuka moshi. Huyo ndiye aliyewaliza watu akisema amelelewa na mikono ya mama.

Kazi akapewa yeye, na nilipomuuliza hata hakushtuka. "Lakini si hiyo kitu ni open source? Si wewe ndio ulisema watu wachukue?"

"Nilisema mchukue programu, Brayo. Sikusema mchukue mama."

"Sasa mbona unapanic? Nikikuoa si atakuwa mathe wangu tu? Hii salo nitakayolipwa ni yetu sisi wote."

Nilinawa mikono alipotoka, na hatukuwa hata tumesalimiana kwa mkono.

Ningemwacha hapo yaishe, lakini wakubwa wake wamependa hiyo hadithi mpaka wanataka kwenda Dundori Jumamosi kumrekodi huyo mama, wamweke kwenye page ya kampuni. Brayo akanitangulia huko na sukari na mikate. Akavaa gumboots za mama, akapigwa picha katikati ya magunia ya viazi, akaituma kazini. Sijawahi kuona kitu cha kuchukiza kama hiyo picha. Nilimpigia mama nikijua atakuwa amemfukuza.

Hakumfukuza. Mama alizaa wasichana watatu, na maisha yake yote wanawake wa kanisani wamemwonea huruma kwamba hana mwanaume wa boma. Nilimsikia kwenye simu akiwa na furaha ambayo sijaisikia tangu nihitimu.

"Ameniita mama mbele ya majirani," akasema. "Ni siku moja tu. Kwani kuna ubaya gani?"

"Mama, hiyo kazi ilikuwa yangu."

"Wewe umesoma, utapata ingine. Na Jumamosi wakifika usionekane hapa kwa nyumba. Wamekwisha kuambiwa yeye ni mtoto wa pekee. Ukija asubuhi kunisuka nywele, ukimaliza ukae kwa Mama Wambui mpaka waende."

Brayo namchukia bila kujificha, na pete nitamrudishia, hilo halinisumbui. Kinachonikosesha usingizi ni mama. Nikisimama mbele ya hiyo kamera niseme ukweli, kazi ya Brayo itaisha, lakini atakayeonekana mwongo mbele ya kijiji kizima ni mama, na huyo mtoto wa kiume aliyempata uzeeni nitakuwa nimemnyang'anya. Nikinyamaza, nitakaa kwa jirani nikisikiza mwanaume niliyemleta mwenyewe akishukuru kwa ng'ombe aliyeuzwa kwa ajili yangu. Leo mama amenipigia tena, anauliza kama ningali na kile kitambaa chake cha kichwa, cha kijani, anataka kupendeza. Wenzangu, mngekuwa mimi, mngempelekea kitambaa mkae kimya, ama mngefanya nini?