Kamba Isiyofutwa

Gari lilimshusha dobi kwenye kona ya mwisho, na kipande cha kilima kilichobaki akakipanda kwa miguu, begi tupu begani. Begi lilikuwa la nguo za binti yake. Leo alikuja kumchukua kwa mdogo wake.

Hakuwahi kufika huku juu. Jiji ni moja, hewa si moja: bondeni kwake moshi wa viwanda na magari ulilala juu ya mabati mpaka mchana, na kuta hazikupoa hata usiku. Huku upepo ulipita na ubaridi wake, ukijidai kama mwenye nyumba. Dobi aliuvuta, ukamwingia vizuri, na uzuri huo ndio uliomchoma.

Mdogo wake alimwamkia mlangoni, akamkalisha, akamsimulia jinsi mtoto anavyolala siku hizi bila kukohoa. Dobi aliitikia kwa mdomo tu. Alimwazima mtoto kwa sababu pumu ilimzidi huko bondeni, na sasa mdogo mtu amenawiri kama aliyezaa!

Binti alitokea uani mbio, kifua hakilii filimbi. Alimkumbatia dobi, kisha akamgeukia yule mwingine.

"Mama, nguo nimeshakamua."

"Mama mdogo," mdogo mtu alimsahihisha haraka. Haraka ile ilimuuma dobi kuliko neno lenyewe.

Akasema watundike kwanza, ndipo aondoke na mwanawe. Huko uani alifanya kama afanyavyo kila siku kazini: alilowesha kitambaa cheupe, akaifuta kamba ya kuanikia mwanzo hadi mwisho. Bondeni kitambaa hicho hutoka cheusi tii kwa masizi. Moyoni aliomba na hapa kichafuke, hata kijivu kidogo tu, apate la kusema.

"Dada, unafuta nini?" mdogo wake aliuliza, akishangaa kweli. "Sisi huku tunatundika tu."

Kitambaa kilikuwa cheupe. Akakigeuza upande wa pili. Cheupe.

Akakianika nacho, kisha vigauni vya binti, kimoja kimoja.

"Vikikauka mvalishe," alisema. "Ila mama ni mimi."

"Dada, nawe."

"Nawe nini? Una upepo, una mtoto. Niachie hilo moja."

Aliteremka na begi lake tupu. Binti alimwita kutoka getini, "Mama!", kwa sauti ndefu isiyokatika. Dobi hakugeuka. Alingoja aitwe tena, awe na hakika ni yeye.