Mistari Minne ya Mbono

Marsela alinyang'anywa mistari minne ya shamba lake kwa sababu aliwaamini watu waliotaka kusafisha moshi wa ndege. Hakuna aliyemwomba radhi.

Alikuwa mjane wa kijiji cha Kansay, mwenye ekari moja ya mahindi na maharage ya ngwara, iliyotenganishwa na shamba la shemeji yake Emmanueli kwa ua wa mbono kaburi. Kwao ua wa namna hiyo ndio hati: hupandwa mbele ya majirani, na anayeung'oa bila kuwaita huhesabiwa mwizi wa ardhi.

Mwaka 2005 alikuja Herbert, kijana wa Moshi aliyeacha kuongoza watalii akaajiriwa na kampuni ya kununua mbegu za mbono za kukamulia mafuta ya ndege yenye moshi safi. Baada ya misa alinyoosha kidole juu, ambako ndege ndogo ilikuwa ikielekea Ngorongoro.

“Mama zangu, hiyo inakunywa mafuta ya ng'ambo. Miaka michache ijayo itakunywa ya Kansay!”

“Na sisi tutakula nini?” aliuliza Marsela.

“Mtanunua unga, mama. Mwenye mafuta halimi mahindi.”

Watu walicheka. Marsela naye alicheka, kisha akaamini.

Alikata matawi manene ya ua wa mpakani, kama Herbert alivyomwelekeza, akayachomeka kwa mistari shamba zima kuanzia ubavuni mwa ua wenyewe hadi karibu na mlango wake. Kila mwaka aliipogoa mibono yote usawa wa goti, ya zamani na mipya bila kubagua. Emmanueli alipopita na mbuzi wake alimtania:

“Shemeji, ua wote huu! Unazuia ndege zisitoroke?”

“Zikianza kunywa, utaniomba lifti.”

Mbegu zilikomaa. Kampuni haikurudi, na simu ya Herbert haikupatikana tena. Mwishoni mwa 2008 redio ilitangaza kwamba huko New Zealand ndege kubwa imeruka, injini yake moja ikichoma mchanganyiko wenye mafuta ya mbono. Mtangazaji alishangilia. Marsela alikuwa akikoroga uji wa unga wa kuazima, na magunia ya mbegu, ambazo ni sumu kwa mtu na mbuzi, yameegemea ukuta. Wanaopanga mustakabali wa mafuta ya anga hupima moshi kwa gramu. Sufuria ya mjane hawakuipima.

Aliposhika jembe ili aing'oe mibono, Emmanueli hakutania.

“Simama hapo, shemeji. Unang'oa mpaka.”

“Mpaka ni ule mstari wa mwisho, upande wako. Marehemu ndugu yako aliupanda nawe ukiwapo!”

“Mstari upi? Yote imetoka ua mmoja, yote imefika goti. Mimi naona mpaka ni huu.” Akakanyaga mstari wa tano kutoka upande wake.

Wazee waliitwa. Walikagua mashina moja moja, wakashindwa kutofautisha: matawi manene yalikuwa yamegeuka mashina manene. Marsela alidai Herbert aitwe, aseme ndiye aliyemwelekeza kupanda mistari mipya ubavuni mwa ua. Mzee mmoja akamwuliza, bila dhihaka yoyote:

“Tumwite wapi, binti? Angani?”

Machi 2009, “kwa ajili ya amani,” wazee walimpa Emmanueli mistari minne, na Marsela akaruhusiwa kung'oa iliyobaki apande mahindi. Tangu msimu huo kijiji huweka mawe mipakani. Mbono haukubaliwi tena kuwa ushahidi.